Mkaguzi wa Nchi Kavu

Mkaguzi alimfundisha mkewe kuogelea juu ya benchi la sebuleni. Bwawa lilikuwepo, tena pale pale uani, limejaa maji safi ya buluu. Lakini Mkaguzi alisema kuogelea kunaanzia kichwani, si miguuni, na kwamba mtu asiyejua nadharia akiingia majini amejitakia mwenyewe. Basi mkewe akalazwa kifudifudi juu ya benchi la kuvulia viatu, mto chini ya kifua, mikono mbele, miguu nyuma, akawa anapiga mateke hewa mbele ya kabati la vyombo. Bwana mkubwa alisimama pembeni kashika kitabu cha kuazima, miwani imemshuka hadi kwenye ncha ya pua.

“Goti! Mbona unakunja goti?”

“Limejikunja lenyewe.”

“Goti halijikunji. Mwenye goti ndiye anayelikunja. Alama nne.”

“Kati ya ngapi?”

“Ishirini. Kwani siku zote ni kati ya ngapi?”

Ndivyo alivyokuwa. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mkaguzi wa shule, mtu wa kuingia darasani bila hodi, kukaa kiti cha nyuma na kumtoa mwalimu jasho. Alipostaafu, walimu wakashusha pumzi, na nyumba yake ikaanza kukaguliwa. Alikagua vitanda kama vimetandikwa. Alikagua chumvi ya mchuzi, mkunjo wa mapazia, na namna mkewe anavyomkaribisha mgeni: eti kicheko kinatangulia salamu. Kila kitu kilipata alama, na alama ya kufaulu ilikuwa kumi. Mtu angedhani siku moja atachoka. Wapi! Mtu wa namna hiyo hachoki, anachosha.

Mkewe watu walimwita Bi Meno, kwa sababu ya kazi yake. Alitengeneza meno bandia katika chumba kidogo nyuma ya zahanati ya daktari wa meno. Daktari alimletea nakala za vinywa vya watu zilizomiminwa kwa plasta nyeupe, naye akakaa kwenye stuli tangu asubuhi, anayeyusha nta, anapanga jino baada ya jino, anasugua ufizi wa plastiki mpaka ung'ae. Ilikuwa kazi ya kuinama. Jioni alirudi na vumbi jeupe kwenye nyusi na shingo iliyokakamaa, na akikutana na mtu ngazini hakumtazama macho, alimtazama meno. Kwa meno alijua nani anasaga usiku, nani anauma kucha, na nani anacheka kwa upande mmoja ili pengo lisionekane. Kazi yake hiyo Mkaguzi aliiita “shughuli ya mke wangu na midomo ya watu,” na aliisema hivyo mbele za wageni, akajichekea peke yake.

Bi Meno alikuwa amemdharau mumewe kwa muda mrefu, bila kelele, namna mtu anavyoishi na mlango unaokwaruza sakafu. Hukasiriki kila unapoufungua, ila unajua upo, na ungependa siku moja uung'oe.

Bwawa lilitokana na mwenye majengo. Alipokarabati majengo yake yote mawili aliamua kuchimba bwawa katikati ya ua, ili apandishe hadhi, akawaambia wapangaji waunde kamati ya kulisimamia. Hakuna aliyetaka uenyekiti. Watu wana kazi zao. Mkaguzi peke yake ndiye aliyenyoosha mkono, na wiki haijaisha kulikuwa na kamba nyekundu imekatiza bwawa katikati, upande huu maji mafupi, upande ule maji marefu, pamoja na amri iliyopakwa rangi ukutani: mtu mzima asiyejua kuogelea asivuke kamba mpaka atahiniwe na mwenyekiti. Mtahini mwenyewe hakuwahi kulowesha hata kisigino. Alitembea ukingoni na viatu vya kamba vilivyopigwa dawa, filimbi ya chuma mdomoni, mikono nyuma. Mtoto akimrushia tone, anaruka kama amemwagiwa uji wa moto.

Bi Meno aliingia majini mara ya kwanza akiwa na nadharia yote kifuani. Mumewe alikuwa amemfundisha, kwa beseni la kuoshea mboga lililowekwa juu ya meza ya chakula, kwamba siri ya kuogelea ni kuvuta hewa mpaka mbavu zilie, kisha kuibana usiiachie kamwe. “Hewa ndiyo boya lako. Ukiitoa, umekwisha.” Siku nyingi mwanamke mtu mzima, fundi anayeheshimika, alikuwa ameinamia beseni huku mashavu yamemvimba, na jitu linamhesabia. Basi akaingia, akavuta, akabana, akajinyoosha kama alivyojinyoosha juu ya benchi. Mkono ulikuwa sawa, goti lilikuwa sawa. Alikwenda mapigo mawili, kifua kikataka kupasuka, akainua kichwa atoe hewa na avute nyingine kwa wakati mmoja, na badala ya hewa akavuta bwawa.

Alitoka akikohoa mpaka machozi. Mkaguzi hakumshika hata mkono.

“Ulibana vibaya,” alisema. “Alama tatu.”

Lakini kuna kitu kilichotokea kabla ya kukohoa, na Bi Meno hakumwambia mtu. Katika mapigo yale mawili shingo yake ililegea. Mgongo ambao ulikuwa umeinama kwa miaka juu ya meno ya wengine ulinyooka wenyewe, bila kuombwa, na mwili wake ukawa hauna uzito. Alilala usiku huo akikiwaza kitu kile kama msichana anayewaza barua. Alikitaka tena. Alitaka kuogelea kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu aolewe, na alitaka kuvuka ile kamba, aende upande ambao mtu hawezi kusimama, akae huko.

Aliyemkomboa ni wifi yake, dada mdogo wa Mkaguzi, msusi wa nywele, mwanamke mnene mwenye mwanya mpana na kicheko kinachosikika ghorofa ya tatu. Naye alikuwa hajui kuogelea, na naye alikuwa amepewa alama. Kaka yake alipokwenda kulala mchana, Wifi alimvuta Bi Meno uani.

“Twende bwana. Mwenye filimbi anakoroma.”

Wifi alielea siku ile ile ya kwanza. Hakufundishwa na mtu. Alijilaza chali akaanza kumsema mteja wake mmoja aliyesuka akakimbia bila kulipa, na maneno yakatoka pamoja na pumzi, na akashtukia miguu imeinuka. Hata alipogeuka kifudifudi hakunyamaza; alisema ndani ya maji, mapovu yakatoka bubu bubu bubu, akainua kichwa upande, akavuta hewa, akarudi kuendelea na umbea.

“Wewe tatizo lako unabana,” alimwambia Bi Meno. “Unabana pumzi kama mtu anayepita jalalani. Iachie! Itakuja nyingine, haijaisha duniani.”

“Kaka yako kasema nikiiachia nazama.”

“Kaka yangu! Yule tulipokuwa wadogo alikuwa anaogeshwa kwa kukimbizwa. Anajua nini?”

Bi Meno akaiachia. Na kweli, alizama. Alikuwa mwembamba, mifupa mitupu, hakuwa na boya la Wifi. Alishuka taratibu mpaka akakaa kitako juu ya vigae vya chini, mapovu ya mwisho yakamtoka puani, akasukuma kwa miguu akarudi juu. Hakupaliwa. Wifi alikuwa anapiga makofi.

“Umeona? Umezama na hujafa!”

Tangu siku hiyo walikwenda kila Mkaguzi alipolala, na mzee yule alikuwa mpenzi wa usingizi wa mchana. Bi Meno alijifunza kutoa pumzi ndani ya maji na kuichukua pembeni, haraka, kama mtu anayekwapua mkate dirishani. Alijifunza kujilaza chali na kupigapiga miguu kidogo ili isimvute chini. Hatimaye akawa anakatiza maji mafupi kutoka ukuta hadi ukuta bila kugusa chini. Alipofika mara ya kwanza alishika ukingo akacheka peke yake, na Wifi akasema kumbe hata yeye ana meno, hajawahi kuyaona yote.

Kamba hakuivuka. Angeweza, lakini hakutaka kuvuka kama mwizi. Alitaka avuke mchana, watu wanaona, na mumewe akiwa amesimama pale. Huo ndio upumbavu wake mmoja: bado alitaka yule mtu aseme amefaulu.

Jioni moja Mkaguzi aliweka kijiko chini, akajifuta midomo.

“Jumamosi kuna mtihani wa hadhara. Wapangaji wote nimewaalika. Wewe na dada yangu.”

“Sawa.”

“Ukishindwa, tunaacha. Nakwambia mapema. Umri wako huo, umeshakula vumbi la plasta la kutosha, mapafu yako hayana kazi tena. Sitaki mke wa mwenyekiti awe kichekesho. Ukishindwa Jumamosi hutaingia tena kwenye lile bwawa, hata miguu.”

“Na nani atanizuia?”

“Funguo za geti la bwawa ninazo mimi, na nitaanza kulifunga.” Akachukua kijiko. “Mchuzi umepoa. Sita.”

Bi Meno alimtazama akila. Alimtazama anavyotafuna kwa uangalifu, upande wa kulia tu, na dharau ikampanda mpaka akashindwa kumalizia chakula chake. Mtu mzima, alijisemea, mwenye pensheni na mvi, amepata ufunguo wa maji ambayo hawezi kuyaingia, na amefurahi.

Jumamosi wapangaji walikuja kweli, maana hakukuwa na jambo jingine la kufanya. Walibeba viti vyao. Mhandisi wa ghorofa ya pili, muogeleaji mzuri, jirani mwenye adabu ila alikuwa anasaga meno usiku, alikuja na kaptula ya kuogelea na taulo begani. Mama wa duka la chini alikuja na miwani ya jua. Mkaguzi alivaa tai. Naam, tai, kwenye bwawa! Alichagua kusimama kule kwenye kona ya maji marefu, kando ya ngazi ya chuma, kwa sababu pale palikuwa na jukwaa dogo la kurukia na kutoka pale angeonekana na kila mtu. Akatoa hotuba kuhusu nidhamu. Akapuliza filimbi.

Wifi alitangulia. Alikatiza maji mafupi chali, tumbo juu, anawapungia watu mkono, akafika ng'ambo akapigiwa makofi.

“Sifuri,” alisema Mkaguzi. “Mtihani ni wa kifudifudi.”

“Lakini nimefika, kaka!”

“Hata gogo linafika. Anayefuata.”

Bi Meno aliteremka. Moyo ulikuwa unamdunda, na alijichukia kwa hilo. Alitazama ukuta wa pili, akavuta hewa, akajisukuma.

Alikwenda vizuri. Tangu aanze hakuwahi kwenda vizuri namna ile. Mkono, mkono, pumzi ikatoka ndani ya maji kwa mapovu marefu, uso ukageuka, hewa ikaingia, mkono, mkono. Mhandisi akasema kwa sauti, “Hee, shemeji!” Na Mkaguzi kule juu aliyaona mapovu. Akaelewa kwamba mkewe anatoa pumzi, yaani anafanya kile kile alichokatazwa juu ya beseni, na kwamba kwa sababu hiyo anafika. Hapo ndipo akili ikamruka. Alipuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, mkewe hakusimama, akaitema filimbi, akainama mbele juu ya maji, akafumbua mdomo wote:

“Pumziii! Nani kakuruhusu kutoa pumzi!”

Filimbi ilianguka majini. Nyuma yake kikaanguka kitu kingine, kidogo, cha waridi, kikazama pembeni mwa ngazi.

Bi Meno alikuwa ameshagusa ukuta. Amefika. Aligeuka kutafuta uso wa mumewe, akamkuta ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili, macho yamemtoka.

“Filimbi ya mwenyekiti imeanguka!” alisema mama wa duka, na watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya.

Bi Meno hakucheka. Palikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyejua kwamba mwenyekiti hana hata jino moja la juu, na mtu huyo ndiye aliyemtengenezea ya bandia. Aliyatengeneza siku ya mapumziko, zahanati imefungwa, pazia limeshushwa, kwa sababu Mkaguzi alisema akionekana pale atahama mji. Hata dada yake hakujua. Yalikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Aliyapa rangi ya manjano kidogo, na jino moja akalipindisha, ili yaonekane ya kuzaliwa. Alipewa kumi na mbili, alama ya juu kabisa katika ndoa yao. Mwaka jana alimwambia ufizi unanyauka, meno yamelegea, aje amsawazishie. Alijibiwa kwamba mvaaji ndiye anayejua.

“Usijali, mwenyekiti,” Mhandisi aliinuka akavua shati. “Naichukua mara moja.”

Mkaguzi akatikisa kichwa kwa nguvu. Mhandisi akasogea ukingoni. Mkaguzi akamwekea mguu mbele, anatikisa kichwa, mkono mmoja bado mdomoni, na kwa mkono wa pili akanyoosha kidole. Alimnyooshea mkewe. Kisha akakishusha kidole kile kwenye maji marefu.

Watu hawakuelewa.

“Shemeji?” alisema Mhandisi. “Mzee, shemeji ndiyo kwanza anajifunza. Kule yanamfunika, tena sana. Ngoja niingie mimi, mimi nimezoea.”

Kidole kikarudi kwa Bi Meno. Kikarudi kwenye maji. Mkaguzi akapiga kiatu chini kwa hasira, kama anayemhimiza mtoto mzito wa darasa.

Na Bi Meno, aliyesimama na maji kifuani, akaelewa mambo yote kwa mpigo mmoja. Mhandisi angeibuka na filimbi mkono huu na meno mkono ule, na ua mzima ungeona. Kwa hiyo aende yeye. Mke ambaye hakuruhusiwa kugusa kamba, mwenye mapafu yasiyo na kazi, aliyepewa alama tatu na nne na sita. Mume wake hakujua kwamba amekuwa akijifunza mchana. Kwa anachokijua yeye, huyu mwanamke akivuka pale anaweza asirudi. Na kidole kilikuwa bado kimenyooka.

Alidhani dharau yake kwa mtu yule ilikuwa imefika mwisho. Kumbe ilikuwa bado iko sebuleni, juu ya benchi.

“Wifi, usiende,” alisema Wifi, na kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka. “Kaka kachanganyikiwa. Achana naye.”

“Naenda,” alisema Bi Meno.

Aliinua kamba, akapita chini yake. Maji yakamfika kidevuni, kisha hakukuwa na kigae tena. Aliogopa. Miguu ikatafuta sakafu ikaikosa, na kwa sekunde akataka kubana kila kitu, pumzi, macho, ngumi. Akatoa pumzi. Akapiga miguu. Ukingo haukuwa mbali, akaufuata mpaka akashika ngazi ya chuma, pale pale chini ya viatu vya mumewe, na hakuinua kichwa kumtazama.

Alivuta hewa mara kadhaa, akaiacha itoke, akaanza kujivuta chini kwa vipandio vya ngazi, kimoja baada ya kingine. Kuzama alikujua. Masikio yakamuuma. Akafumbua macho, yakawasha, na ndani ya ule ubuluu akayaona: yamekaa wima juu ya vigae, kaakaa lake la waridi likimeremeta, yanacheka. Filimbi ilikuwa kando yake kabisa. Akanyoosha mkono akachukua meno. Filimbi akaiacha.

Alisukuma kwa miguu miwili akapanda.

Ua mzima ulishangilia. Wifi alikuwa anapiga yowe. “Umeipata?” aliuliza Mhandisi, ameinama mkono mbele kumsaidia.

“Sikuiona,” alisema Bi Meno, ngumi imefumbwa. “Labda imeingia kwenye bomba.”

Alipanda ngazi, akachukua taulo akaufunika mkono, akaelekea kwenye kijia cha mabafu, nyuma ya ukuta. Viatu vya kamba vikamfuata mbio. Pale, kwenye bomba la kuoshea miguu, aliyaosha meno vizuri, juu na chini, kwa dole gumba, kwa sababu ndiyo kazi yake na hakuwa amejifunza kuifanya vibaya. Uso wa mumewe bila meno ulikuwa umebonyea, mdomo wa juu umeingia ndani, mzee mdogo asiyejulikana ni nani. Kama angesema neno moja la kibinadamu wakati ule, Bi Meno angemhurumia. Alikuwa tayari kabisa. Alimpa meno yake.

Mkaguzi aligeuka ukutani, akayavaa, akayabonyeza, akajaribu kuuma. Akanyoosha tai. Akageuka.

“Umevuka kamba bila idhini.”

Bi Meno akafunga bomba.

“Na ule utoaji wa pumzi hauko kwenye kitabu. Lakini kwa kuwa kuna watu, sitakuaibisha. Nakupa tisa.”

“Ya kufaulu ni kumi.”

“Najua ya kufaulu ni ngapi.”

Maji yalikuwa yanamchuruzika Bi Meno kwenye nywele, yakidondoka juu ya sakafu. Aliuliza swali moja tu, polepole, kwa sababu alitaka alisikie jibu lake lote.

“Ulijua naweza kurudi?”

Mkaguzi akakunja uso, kama mtu aliyeulizwa kitu kilicho nje ya mtihani.

“Kwani umezama?” alisema.

Bi Meno akatikisa kichwa. Hapana, hakuzama. Akalitundika taulo kwenye msumari, akampita, akatoka kwenye kijia.

“Unakwenda wapi? Nimesema tisa! Mtihani umekwisha! Wewe!”

Watu walikuwa wanakusanya viti. Walisimama na viti vyao mikononi wakamwona Bi Meno akitembea ukingoni, hakuelekea maji mafupi, akapita kamba nyekundu, akafika kwenye ngazi ya kona, akageuka akateremka kinyumenyume, taratibu, mpaka maji yakamfika mabegani. Wifi aliziba mdomo kwa mkono. Mhandisi akakaa chini, miguu majini, karibu tu ikiwa atahitajika.

Mkaguzi alifika anahema. Alisimama juu ya jukwaa lake, viatu vimelowa, akaanza: kuhusu amri, kuhusu funguo, kuhusu mke wa mtu na heshima ya kamati. Bi Meno aliachia ngazi. Akalala chali, akapigapiga miguu, akajisogeza mbali na ukingo hadi katikati ya maji marefu, mahali ambapo mkono wa mumewe haufiki na viatu vyake haviwezi kwenda. Akalegeza shingo, kichwa kikarudi nyuma, maji yakamfunika masikio.

Kule juu mtu mwenye tai alikuwa anaendelea kufungua na kufunga mdomo, kidole kimoja kinamtisha, na dole gumba la mkono wa pili limeyashikilia meno ya juu yasimtoroke. Alionekana anasema mengi. Bi Meno hakusikia hata neno moja.